Supu ya Bonga

Kidole gumba cha mguu, jamani, ni kitu kidogo. Mtu anaweza kuishi miaka hamsini bila kukikumbuka, isipokuwa siku akijikwaa. Lakini kile cha Rehani, muuza saruji na mabati wa karibu na stendi ya Babati, kiliamka alfajiri moja kimevimba, chekundu, kinang'aa kama nyanya. Shuka ilipokigusa tu, mwanaume mzima akapiga yowe hadi majirani wakadhani ameingiliwa na wezi.

Mkoa wa Manyara ulikuwa bado mchanga wakati huo. Ofisi zilikuwa zinajengwa, watumishi wanahamia, na kila mwenye kiwanja alitaka kupandisha nyumba ya kupangisha. Saruji ya Rehani ilikuwa haikai dukani. Na biashara ikinoga, mdomo nao hunoga. Wenye zabuni hawazungumzi bei na njaa tumboni; jioni huzungumza mbele ya nyama choma, asubuhi huzungumza mbele ya bakuli la supu. Rehani alizungumza nao sana. Mkanda wake ulisogea tundu moja, ukasogea la pili, mwisho akaacha kuvaa mkanda.

Hospitalini alimkuta daktari wa kike, kijana, mpole. Akautazama mguu, akaagiza damu ipimwe, kisha akamuuliza, "Mzee wangu, unapenda nyama?"

Rehani akaangalia ukutani. "Kiasi."

"Maini? Figo? Supu ya utumbo?"

Rehani akauinamia mguu wake. Aliona haya usoni hadi masikioni, kwa kuwa binti wa umri ule alikuwa anamhoji kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni.

"Hii inaitwa gauti," daktari akasema. "Wengine huiita jongo. Kuna taka inabaki kwenye damu, na ikizidi inaganda kwenye kiungo kama chembe za chumvi. Ndizo zinazokuchoma. Nyama nyekundu punguza sana. Maini, figo, utumbo, supu, hizo uziage. Dagaa pia. Soda acha, maji kunywa mengi. Mboga za majani, matunda, maziwa, ugali, viazi, wewe kula tu. Dawa nitakupa, lakini dawa haiwezi kushindana na bakuli, mzee wangu."

Mjini hakumwambia mtu ukweli. Kuna aliyeotea, akamtania, "Aa, bosi, huo si ugonjwa wa wenye nazo?" Toka siku hiyo Rehani akawa anasema ameangukiwa na mfuko wa saruji.

Ila nyumbani hakukuwa na pa kujificha, na huko ndiko mambo yalikokuwa mazito. Nyumba nyingine kila mtu ana sahani yake. Kwa Rehani, hapana. Babu yake alihamia Babati kutoka Kondoa, akaja na desturi yake: chakula ni sinia moja, baba, mama na watoto, mikono yote mle mle. Sahani ya peke yake ilikuwa ya watu wa aina mbili tu, yaani mgeni asiyezoeleka na mtu aliyekosana na nyumba. Hata babu alipobaki bila jino, walimpondea viazi vyake pale pale pembeni mwa sinia.

Kwa hiyo Mwamvita, mke wa Rehani, aliposikia maelekezo ya daktari hakufikiri mara mbili.

"Baba Sabrina hatatengewa sahani ndani ya nyumba yake mwenyewe," alisema. "Asichokula yeye, na sisi hatuli."

Watoto walinuna. Sabrina, mkubwa wao, alikuwa darasa la tatu, na wadogo zake wawili walikuwa bado wanalilia mfupa. Aliyewanyamazisha ni Mosi, dada mkubwa wa Rehani, aliyekuja kutoka Nakwa kumtazama mgonjwa. Mosi alikulia enzi za dawa za mizizi, ambapo mgonjwa akipewa miiko, nyumba nzima inaishika. Akamvuta Sabrina sikio, nusu anacheka.

"Hii ni miiko ya nyumba, binti yangu. Nyama ikipita kwenye koo la mmoja wenu, mguu wa baba ndio unaolipa. Umesikia?"

Sabrina akaitikia kwa kichwa, macho yamemtoka. Rehani alisikia pale alipolala, akatabasamu. Aliona ni maneno ya kutishia watoto tu, kama lile la kwamba ukila gizani unakula na shetani.

Mwamvita akaingia jikoni kwa nguvu zote. Leo mlenda, kesho mnafu uliotiwa maziwa, keshokutwa mchicha wa karanga. Matango, viazi vitamu, mtindi, papai. Jagi la maji likawa linamfuata mumewe mpaka dukani. Mguu ukapungua. Kiatu kikaingia. Mwamvita alikuwa akiutazama mguu ule jioni kama mkulima anavyotazama mahindi yaliyoshika vizuri, na kila aliyepita alimwambia, "Mwone Baba Sabrina, anatembea!"

Sasa hapa ningependa kuwaambieni kwamba Rehani alishukuru, akatulia. Wapi!

Mvua za kwanza zilipoanza alipeleka saruji Bonga kwa pikapu yake, kwa mteja aliyekuwa anajenga kando ya barabara ya Dodoma. Jirani na kiwanja kile kulikuwa na kibanda cha Tariq, muuza supu. Sufuria lilikuwa limefunuliwa. Rehani alisimama akisema anasubiri vibarua washushe mifuko, lakini pua ilikuwa imeshatangulia kukaa kwenye benchi. Leo tu, alijiambia. Halafu akajisemea na methali kabisa, maana mlafi hakosi methali: mla ni mla leo, mla jana kala nini? Akala utumbo, akala figo, akakamulia ndimu, akaongeza maini na chapati mbili. Mguu haukusema kitu siku ile. Laiti ungesema!

Baada ya hapo safari za Bonga zikawa nyingi kuliko saruji ya Bonga. Alikuwa akitoka kwa Tariq ananawa kwa sabuni, anatafuna karafuu, anarudi mjini. Saa saba anakaa kwenye sinia na wanawe, anachota mlenda, anausifu. "Mama Sabrina, leo umepatia." Mwamvita alikuwa akifurahi kweli kweli, na furaha ile ilimchoma Rehani kuliko jongo. Alimeza ugali bila kumtazama mtu usoni.

Mguu ukarudi kuvimba.

Mwamvita alichanganyikiwa. Akasema labda ni maharage, akayaondoa. Labda ni karanga, akaziondoa. Akaenda hospitalini peke yake kumuuliza yule daktari, akaambiwa hizo si za kulaumiwa, akarudi ana mawazo zaidi. Akasugua sufuria zote kwa majivu, eti huenda zimebaki na mafuta ya nyama za zamani. Mtoto wa mwisho alimuuliza mama yake kama ng'ombe wa Babati wameisha, akajibiwa kwamba wapo, ila baba kwanza. Rehani alikuwa amekaa pale pale. Alifungua mdomo aseme. Kilichotoka ni, "Mungu atasaidia."

Mficha maradhi, kilio humuumbua. Huyu yeye nyumbani hakuficha maradhi. Alificha bakuli, akawaacha wengine wauguze.

Mguu ulipovimba mara nyingine, Mosi akaja na uso mwingine. Alikaa sebuleni, akakataa chai, akamgeukia wifi yake.

"Mimi sina neno, wifi. Ila wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Nauliza tu, unampikia nini mdogo wangu?"

"Tunachokula wote, wifi," Mwamvita akajibu taratibu. "Muulize mwenyewe, yupo hapo."

Wakamtazama wote wawili. Mwamvita alikuwa anamtazama kwa imani, kama mtu aliyemwita shahidi wake.

"Ninakula anachopika Mama Sabrina," Rehani akasema.

Hakudanganya hata neno moja, na uongo ulikuwa pale pale umekaa kitako. Mosi akavuta pumzi, akatoa hukumu. "Basi sikilizeni. Mguu huu ukivimba tena, namchukua mdogo wangu nikamuuguze Nakwa. Na wewe, wifi, utakwenda kwenu Kondoa, mama yako akakufunde upya kukaa na mgonjwa."

Mwamvita aliinamisha kichwa, akaokota vikombe. Tangu siku hiyo Rehani alimwogopa mke wake, si kwa ukali, kwa upole. Alijiapiza hatakanyaga Bonga tena. Na kweli alikaa bila kukanyaga, mguu ukapoa, mpaka Idd ya kuchinja.

Siku ya Idd alichinja mbuzi, beberu mzuri. Mwamvita akagawa nyama yote. Fungu la masikini, fungu la majirani, mapaja, mbavu, kichwa, vyote vikatoka. Katika nyumba ile, mwaka hata mwaka, ini ndilo lililotangulia jikoni. Linachomwa, na baba anawalisha watoto kwa mkono wake, mmoja mmoja. Mwaka ule ini lilifunikwa kitambaa likapelekwa kwa Rosa, Mama Edda, jirani yao mkulima, Mkristo mwema ambaye binti yake alikuwa anasoma na Sabrina. Watoto walisimama uani wanalitazama linavyovuka ua wa michongoma. Rehani alimwona Sabrina akimeza mate.

Na alipomwona, badala ya kumhurumia mtoto, yeye naye akameza.

"Nakwenda kumpa mkono wa Idd yule mteja wa Bonga," alisema, akachukua ufunguo wa pikapu.

Kibanda cha Tariq kilikuwa kimefungwa, lakini nyumba yake haikufungwa. "Karibu Idd, bwana mkubwa!" Sinia likashushwa: maini ya kukaanga, figo, mbavu. Rehani alijiambia kwamba kukataa chakula cha Idd ni kumdharau mwenyeji. Astaghfirullahi, mtu akitaka kuanguka hukosa kisingizio? Alikula hadi vidole vikang'aa kwa mafuta.

Alfajiri iliyofuata kidole kiliwaka, na safari hii goti likajibu. Ikabidi walitoe godoro, wamlaze sebuleni, kwa sababu hakuweza kushuka kitandani bila kulia. Jua lilipochomoza Mosi alikuwa ameshafika, kanga kiunoni. Rosa naye alipita kutoa pole, na jagi la maziwa mkononi.

Mosi hakutoa hata salamu ya maana. Aliutazama mguu, akamtazama Mwamvita.

"Funga mzigo, wifi."

"Wallahi sijaingiza nyama ndani ya nyumba hii," Mwamvita akasema. "Jana mbuzi mzima ametoka, Mama Edda shahidi. Hata mchuzi sijaonja."

"Kweli kabisa," Rosa akasema. "Yote aligawa."

"Basi ni nini? Nani anampikia? Mimi?"

Mwamvita akasimama katikati ya sebule, mikono imelegea. Akasema neno ambalo Rehani hakulitegemea. "Sijui tena, wifi. Labda kweli ni mkono wangu. Labda mkono wangu haumfai." Akageuka kwenda chumbani, na mlio wa begi likiburutwa kutoka chini ya kitanda ukasikika.

Sema, Rehani. Sema sasa. Hivyo ndivyo alivyokuwa anajiambia pale chini, jasho linamtoka. Lakini mbele ya dada yake? Mbele ya jirani? Mtu mzima, mwenye duka, anayepewa nafasi safu ya mbele msikitini, aseme alikuwa anatoroka kwenda kula supu kama mtoto mdokozi? Begi likafunguliwa zipu.

"Si mama."

Sabrina alikuwa amesimama mlangoni na gauni lake la Idd, alilolilalia. Alikuwa analia bila sauti.

"Si mama, Shangazi. Asiende. Ni mimi." Akameza. "Jana nilikula nyama kwa kina Edda. Ini. Kipande kimoja. Nilisahau…" Akatikisa kichwa. "Hapana, sikusahau. Nilikuwa najua kwamba mguu wa baba utalipa. Nikala tu."

"Haa!" Mosi akapiga makofi. "Mmesikia? Si nilisema? Mtoto huyu!"

Rosa akashika mdomo. Mwamvita alitokea chumbani na kitenge mkononi, akabaki ameduwaa. Na hapa niseme jambo baya, maana lilikuwepo: moyo wa Rehani ulipoa. Kwa kitambo kidogo alihisi mzigo umetua, mke haendi tena, dada ameridhika, na hakuna aliyetaja Bonga. Alipogundua kwamba amepoa, na amepoa kwa mgongo wa nani, alijisikia aibu ambayo hakuwahi kuijua maishani mwake. Aibu ya hospitalini ilikuwa mchezo.

Sabrina alikuja akapiga magoti kando ya godoro. Hakuugusa mguu, alijua unauma. Akaanza kuupulizia, fuu, fuu, kama mama yake alivyokuwa akimpulizia yeye akiungua.

"Nisamehe, baba. Sitakula tena. Hata nikiwa mkubwa."

"Sabrina, si wewe."

"Ni mimi."

"Si wewe, mama. Nakwambia."

"Shangazi alisema."

"Shangazi alikuwa anatania tu."

Sabrina akamtazama Mosi, akamrudia baba yake. "Unanionea huruma," akasema, akaendelea kupulizia.

Hapo hapakuwa na kichochoro tena. Mtoto hawezi kuamini kwamba si yeye mpaka aambiwe ni nani. Rehani akafumba macho.

"Ni mimi. Nimekula supu kwa Tariq, Bonga. Supu, maini, figo, utumbo. Jana nimekula kwake tena. Si mara moja, nimekuwa nikienda. Nikisema napeleka saruji, nakwenda kula. Mama yako hana kosa, wewe huna kosa. Mguu wangu nimeuumiza mwenyewe."

Sabrina alikuwa ameacha kupulizia.

"Tangu lini?" Mwamvita akauliza.

"Tangu mvua za kwanza."

Mwamvita akahesabu kimoyomoyo; ungeweza kuona. Maharage aliyoyaondoa. Karanga. Sufuria za majivu. Ile siku ya vikombe. Rosa akaweka jagi la maziwa mezani polepole, akasema, "Mimi nitapita baadaye," akatoka akitazama chini. Mosi alifungua kanga kiunoni, akakaa.

"Wifi yangu," akaanza, "mimi nili…"

Mwamvita akainua kiganja kumkatiza. Hakumtukana mume wake. Hakulia hata kidogo. Alirudisha begi chini ya kitanda, akajitanda mtandio, akachukua kikapu, akaenda sokoni. Rehani alimsubiri kwa woga, akitamani arudi na matusi. Matusi yana mwisho.

Saa saba sinia likatua kwenye mkeka. Wali, na juu yake nyama ya ng'ombe, vipande vikubwa, mchuzi unatiririka. Watoto wadogo walipiga kelele za furaha. Mosi akasogea, Mwamvita akasogea. Rehani alijikongoja kwenye godoro lake, akanyoosha mkono aoshwe pamoja nao kama siku zote.

Mwamvita alimwosha. Kisha akaenda kabatini, akatoa ile sahani ya maua, ya wageni. Akamwekea ugali, mchicha, bakuli la mtindi, kipande cha papai na glasi ya maji. Chakula kizuri, chote cha kumfaa, kimepangwa kwa uangalifu. Akakiweka mbele ya godoro, mbali kidogo na mkeka.

"Karibu chakula," akamwambia kwa adabu, sauti ile ile anayowakaribishia watu asiowajua.

"Ahsante," Rehani akasema. Alikata tonge, akachota mchicha.

Kwenye sinia mikono ilikuwa inakwenda na kurudi, isipokuwa mmoja. Sabrina alikuwa amekaa, mikono juu ya magoti, anaitazama nyama.

"Kula, mama," Rehani akamwambia. "Haitaniuma. Nakuapia."

Mtoto akachagua kipande kidogo kuliko vyote, akakitia mdomoni. Akatafuna polepole sana, macho yake yako kwenye mguu wa baba yake.